Wali Uliotakiwa Kugandana

Garsen. Jumamosi, Januari 1999.

Joto la leo ni lile la kumfanya kuku atembee mdomo wazi. Upepo hakuna hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Nimekaa barazani, vidole vitatu vimefungwa kitambaa, na ninaandika haya haraka kabla dada yangu hajayasimulia mtaa mzima kwa namna yake.

Nianze kwa kukiri. Nina miaka hamsini na miwili, nafundisha hesabu, na tangu nioe sijawahi kupika kitu kigumu kuliko chai. Hata hiyo chai, watu huinywa kwa heshima tu.

Sasa Mama Hawayu, mke wangu, aliugua malaria. Homa imeshaondoka, ila imeondoka na hamu yake ya chakula. Tangu Jumanne ni vijiko viwili vya uji, kisha bakuli linasukumwa. Samaki wa mchuzi, hataki. Ndizi za nazi, hataki. Muuguzi wa zahanati alinivuta pembeni akasema waziwazi: kama hadi Jumatatu hajala chakula cha maana, nimpeleke hospitali Malindi.

Naogopa. Sijamwambia mtu.

Juzi nilimuuliza moyo wake unatamani nini. Akasema, "Ule wali wa Hawayu."

Hawayu ni binti yetu. Anafanya kazi jikoni katika hoteli moja Malindi, na huko mpishi mmoja kutoka Thailandi alimfundisha kupika wali wa tui na sukari, mzito, unaogandana, unaoliwa na embe mbivu. Krismasi alitupikia. Mama yake alikula sahani mbili, akalamba na kijiko. Kabla hajaondoka, binti alituandikia maelezo kwenye karatasi, nami karatasi hiyo nimekuwa nikiitumia kuweka alama katika daftari la mahudhurio. Jana niliitoa nikaisoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Mstari wa kwanza: tafuta mchele unaogandana.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwetu hapa wali ni wa kuchambuka, punje imkimbie mwenziwe. Mwanamke akipakua wali uliogandana mbele ya wageni, wageni wanakula kimya na wanacheka wakifika njiani. Mimi nikaenda sokoni jana asubuhi, nikasimama mbele ya Bi Maliko, mama wa Kilelengwani anayeuza mchele wa shamba lake mwenyewe, nikamwuliza kama ana ule unaogandana.

Aliweka kibaba chini. "Mwalimu, nani amekwambia mchele wangu unagandana?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Mimi ndiye ninautaka."

"Njooni msikie!" akawaita wenzake. "Mwalimu leo amekuja kunitukana na asubuhi yote hii!"

Nilieleza ugonjwa, nikaeleza Thailandi, nikaeleza Krismasi. Wanawake watano walinitazama kwa huruma ile wanayomtazamia mtu aliyepigwa na jua. Mwishowe Bi Maliko aliinama, akavuta kigunia kutoka nyuma ya gunia kubwa, akaninong'oneza: "Huu ni mpya, wa mavuno ya juzi, haujakaa. Unagandana kama ulimbo. Mpe mama pole. Na ukiulizwa, hukuununua kwangu."

Nikaondoka nao chini ya kwapa kama mwizi.

Usiku niliuloweka mwenyewe. Leo asubuhi nikakalia mbuzi. Nilidhani kukuna nazi ni jambo la mikono tu. Kumbe ni la kiuno, la magoti na la subira. Nazi ya kwanza niliikuna vizuri. Ya pili nilikuna nazi na vidole. Tui la kwanza nililikamua zito kabisa, halafu nikalichuja mara mbili, maana lilikuwa na rangi ya waridi ambayo Hawayu hakuiandika.

Kisha ikaja habari ya mvuke. Sina chombo cha Kithai. Nikaufunga mchele kwenye kitambaa safi, nikauweka ndani ya chujio, chujio juu ya sufuria ya maji, kifuniko juu. Dada Habuya, dada yangu mkubwa aliyekuja kutoka Idsowe kutusaidia kumwuguza wifi yake, alipita akasimama.

"Mdogo wangu, mchele umeufunga kilemba unakwenda wapi?"

Nikachochea moto. Mpishi hajibizani.

Lakini Mungu ni mwema: uliiva. Niliumimina ndani ya sufuria, nikaumwagia tui la moto lenye sukari na chumvi kidogo, nikaukoroga, ukagandana! Ulishikana na mwiko, ukashikana na sufuria, ukashikana na mimi. Sijawahi kufurahia kitu kibaya namna ile. Karatasi ilisema: funika, uache utulie unywe tui. Nikafunika, nikatoka kwenda kwa jirani kuomba embe.

Kosa langu ni hilo tu. Sikumwambia dada.

Kurudi na embe zangu nne, naona jiko limechochewa, sufuria imerudi motoni, na juu ya kifuniko makaa mekundu yamepangwa vizuri kabisa, kama ya harusi. Dada Habuya amekaa pembeni anajipepea na ungo.

"Nimekuokoa," alisema. "Nilifunua nikakuta umegandana wote, bonge moja. Nikasema aibu hii isitoke nje ya nyumba hii. Nimeupalia makaa. Sasa hivi utachambuka."

Niliketi chini. Nilitaka kufoka, lakini utamfokea vipi mtu aliyekutendea wema kwa moyo wote? Hakuna mwanamke wa huku ambaye angepita wali ule akauacha. Nilifunua. Juu palikuwa pamechambuka kweli, punje kavu, moja moja, wali wa kumpa mkuu wa wilaya. Kazi ya siku mbili na ngozi ya vidole vitatu.

Nikafikiria Jumatatu. Nikafikiria barabara ya Malindi na yeye amelala kiti cha nyuma.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyembamba. "Baba Hawayu, nini kinanukia hivyo?"

"Wali," nikasema. "Umeharibika."

"Umeharibikaje?"

"Dada ameutengeneza."

Halafu nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu augue: anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na dada naye, baada ya kuelezwa Thailandi ni nini na inataka nini, akajifunika uso kwa kanga akisema, "Wifi nisamehe, mimi nilijua mumeo hajui kupika!"

"Hajui," mke wangu alijibu. "Hebu nileteeni ukoko."

Tulikwangua. Sukari na tui vyote vilikuwa vimekimbilia chini, vikaungua kidogo tu, ukoko wa kahawia, laini katikati, unanata kwenye kijiko na kwenye meno. Alikula na embe nzima. Akaomba tena. Nilisimama mlangoni nikihesabu vijiko kama ninavyohesabu watoto wa shule wakishuka kwenye mtumbwi, na kilipopita cha kumi na mbili nikaacha kuhesabu, kwa sababu macho yalikuwa na moshi.

Dada anasema ni moshi. Namshukuru kwa hilo.

Wali wa juu, ule wa mkuu wa wilaya, tumekula sisi wawili. Mtamu, mkavu, na kila punje peke yake. Haukuwa na maana yoyote.

Sasa amelala, tumbo limejaa, na kabla hajalala ametoa agizo: kesho ukoko tena, sufuria kubwa, na makaa apalie wifi. Kigunia kimeisha. Kwa hiyo kesho itabidi nisimame tena mbele ya Bi Maliko, wanawake wote wakisikia, nimwombe mchele wake mbaya kuliko wote.

Nitaomba kwa sauti kubwa.