Kitufe cha Kuombea Mpira

Hilal mwanangu,

Salamu zangu utazikuta kwenye simu, zile za kila asubuhi zenye mauwa na dua ambazo najua huzifungui. Hii ni nyingine. Hii nnaiandika kwa utulivu na nnaiweka wazi, wasome na kina mama wenzangu wa hapa Mabela, Maskati, wenye watoto mbali, maana najua si mimi peke yangu niliyemjibu mwanangu kwa adabu kisha nikaenda jikoni kulia.

Hapa ni baada ya alasiri. Baba yako kenda Matrah kutafuta samaki, ati wa huku kwetu wamelala, si wabichi. AC inavuma, sebule imetulia, na mimi nimekaa pale pale kwenye zulia, pedi ya kuchezea ipo mapajani. Usicheke. Mtu mzima na kanga yake, anacheza mpira wa kikapu kwenye televisheni! Mwenye kosa ni wewe uliyenifunza.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa umevunjika mguu, skuli huendi, umenuna mpaka kuta zimenuna. Nikaja kukuletea uji, ukanambia, "Mama, kaa basi, sina mtu wa kucheza naye." Nikakaa kwa huruma tu, nikidhani ni kidogo. Wallahi nilipoinuka wali ulikuwa umeungua, na baba yako kasimama mlangoni anauliza, "Mnafanya nini nyinyi na hawa watu warefu?"

Mwanzo nilikuwa mchezaji mbaya, tuseme kweli. Tulikuwa timu moja, wewe na mimi, tunapambana na mashine. Wewe unamwendesha yule mfupi mwenye mbio, mimi umenipa yule mwembamba, niliyempenda kwa sababu alionekana hajala. Na kila mpira ulipokwenda, mimi nyuma yake! Ukinipigia kelele, "Mama, usiufuate mpira! Unanijazia watu!" Sasa mimi nifanyeje? Nimelelewa kuwa mtu akiwa na mzigo unamwendea. Namwona mwanangu kazungukwa na majitu mawili, nimwache?

Ndipo ukanifunza pita-nikupite. Nyinyi mna jina lake la Kizungu, mnaiita moshen. Mimi nikaipa jina langu. Ukafungua ile sehemu ya kuchagua namna ya kushambulia, ukanionesha moja moja. Ipo ya mmoja kucheza na wanne kutizama. Ipo ya wote watano kukaa nje. Ipo ya wanne nje na mmoja ndani, karibu na kikapu. Mimi nikaitaka ile ya mmoja, ili mwembamba wangu apate. Ukanicheka. "Mama, kwani wewe ukitaka kupika, unachagua chakula kwanza au unafungua friji kwanza?" Basi tukafungua friji. Tulikuwa na wanaolenga vizuri kwa mbali, na lile jitu lako zito lisiloweza kukimbia. Jitu likawekwa ndani, sisi wengine nje, na hakuna ruhusa ya kusimama.

Mpaka leo naijua kama alhamdu. Ukishatoa pasi usisimame kuitizama, kata uelekee kikapuni. Usipopewa, tokea upande wa pili, na mwenzio ajaze pale ulipotoka. Wawili wasikae pahala pamoja. Asiyekuwa na mpira akamkinge mwenzake upande wa mbali, sio kwenye vurugu. Na mwenye mpira asiwe na pupa, angoje, maana wale wanaoendeshwa na mashine wanakwenda wenyewe ukiwapa muda. Ulikuwa ukisema kazi kubwa ya mchezo huu anaifanya asiyekuwa na mpira. Neno hilo nililipenda sana, nikaona kumbe kuna mchezo unaotujua sisi wanawake wa majumbani.

Nikajifunza kuondoka, mwanangu. Sikulijua hilo kabla. Nikiwa karibu yako na wanaonikaba wanakuwa karibu yako. Nikienda zangu nao wananifuata, na wewe unapata njia. Ikawa kila Ijumaa baada ya chakula, sinia likishaondoshwa, sisi ni zulia, kahawa na halwa. Baba yako anajifanya anasoma gazeti, kumbe anahesabu vikapu. Siku moja tukafunga baada ya pasi nyingi sana, kila mtu kaushika mpira, mwisho jitu likaweka ndani bila hata kuruka. Ukanibusu kichwani. Nyumba hii haijapata kelele kama zile tena.

Kitu kimoja tu kilinishinda, kile kitufe cha kuombea mpira. Ukikibonyeza, mchezaji wako ananyanyua mkono apewe. Mimi nafika kona, niko peke yangu, hakuna hata wa kunikaba, na nimenyamaza kimya. Wewe unakuja kuniona kwenye marudio, unashika kichwa. "Mama! Hukuwa na mtu! Mbona huombi? Mimi ntajuaje?" Nikakwambia naona haya. Ukacheka mpaka ukapaliwa na kahawa.

Lakini kweli yangu ndiyo hiyo. Mimi ni mtu wa kusema "nimeshakula" na sinia sijaligusa. Bibi yako alinilea hivyo: mgeni kwanza, mume kwanza, watoto kwanza, na wewe ukiulizwa sema alhamdulillahi. Kile kitufe nilikiona kama kunyoosha mkono mbele za watu.

Ulipokwenda Kanada nilifanya ulivyonifunza. Pale uwanja wa ndege sikukung'ang'ania, nilikata nikaenda zangu upande wa pili. Baridi ya mwanzo tukicheza kwa intaneti, kwako asubuhi, umejifunika blangeti, sauti nzito ya usingizi. Kisha kazi zikakuzidi, Ijumaa moja ikapita, na nyingine. Sikuuliza. Nikasema mwache, nikimwandama ntamjazia watu. Watu wakiniuliza khabari zako nasema alhamdulillahi, mzima, kazi nzuri. Siwaambii kuwa nna hamu na wewe mpaka nahisi njaa. Chumba chako nakifungua madirisha kila siku, joto lote hili la Mabela, eti hewa ipite.

Juma lililopita ukanitumia sauti. "Mama, kazini wanataka nisaini mkataba mwengine, mrefu. Na hapo Maskati kuna watu wamenipa nafasi. Unaonaje? Nisaini au nirudi?" Na mimi nikajibu nini? "Lenye kheri na wewe, mwanangu." Ukasema, "Haya, Mama." Sauti yako ilishuka, niliisikia. Baba yako akanisifu, akasema mtoto wa kiume havutwi kwa kamba. Anasema yeye, na tangu siku hiyo kila simu yangu ikilia anauliza, "Nani huyo?"

Basi leo nikawasha mchezo. Yule mfupi wako anaendeshwa na mashine siku hizi. Nikachagua wanne nje mmoja ndani, nikatoa pasi, nikakata, nikatokea kona. Hakuna wa kunikaba. Nikangoja. Mfupi anageuka huku, anageuka kule, muda unakwisha, mwisho akaurusha ovyo ukagonga chuma. Na sauti yako nikaisikia humu humu sebuleni: mimi ntajuaje?

Ya Rabbi, nililia. Nimelia mpaka nikajicheka.

Haya, sikiliza. Radhi zangu unazo, usaini usisaini. Hizo hazipungui, na mtu asije akakutisha kwa jina langu. Kheri anaijua Mungu, lakini swali uliniuliza mimi, na mimi sikukujibu, nilikupa adabu. Jibu langu ni hili: usisaini, Hilal. Rudi nyumbani. Nnakutaka hapa, kwenye zulia hili, unipigie kelele.

Gari la baba yako hilo, lishaingia. Atanikuta na macho mekundu na ataniuliza kulikoni, na leo sitosema vitunguu. Ntamwambia nimeshabonyeza.

Nimenyanyua mkono, mwanangu. Nipe.

Mama yako,
wa pale kona