Carlton, Ni Mngurumo Upi Ulikuwa Wako?

Mwaka umetimia, Carlton, tangu ulale kule hospitali usiamke. Jumapili bado nachoma shelisheli zima, halafu nakumbuka halina mlaji.

Ninayoandika hapa aliniambia Kypros Jumapili iliyopita, tulipomaliza kula. Kypros mwenzako wa toka shule, mliyetengeneza naye ule muziki wenu wa dansi mliouita garage, hapa Tottenham, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake mshonaji. Siku hizi watu wanasema ninyi wawili ndio mliowafungulia wengine njia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwafokea mpunguze sauti.

Mwaka huu wote nimekuwa nikiicheza santuri yenu ya kwanza, ile yenye karatasi nyeupe katikati, isiyo na jina la mtu. Ukifika ule mngurumo mzito wa besi naweka kiganja kwenye spika. Nilijua ni wewe. Nilikuwa nakupa habari za nyumbani.

Jumapili hiyo Kypros akaniona. "Mama, unafanya nini?"

"Naongea na mwanangu. Mngurumo huu si wake?"

Akajikuna shingo. "Mama, hata ukinichinja sijui. Sheria yetu ilikuwa moja. Aliyekwama anatoka kununua chipsi, na akirudi haulizi mwenzake amebadilisha nini. Siku tuliyotengeneza wimbo huu kila mmoja alitoka mara nne."

"Kwa hiyo huenda ni wewe?"

"Huenda."

Jenelle, binti yako, akacheka mpaka akashika mlango. "Bibi! Mwaka mzima unambembeleza Mjomba Kypros, na mwenyewe yupo hapa, ametumalizia samaki!"

Nami nikacheka, kisha nikakasirika. Nikamwambia Kypros asikilize tena, maana yeye ndiye aliyekuwepo. Akasikiliza mara tatu, macho yakawa mekundu.

"Hata mimi namtafuta humo, Mama," akasema. "Simpati."

Basi sielewi, mwanangu. Ulikuwa na tabia ya kuwatendea watu mema usiseme ni wewe. Dada yako Verna alikuta koti lake limeshonwa, hakujua na nani hadi alipoambiwa siku tuliyokuzika. Na hili nalo umelifanya vivyo hivyo?

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Ismay, Verna, Jenelle, na Kypros. Hatutakusahau, hata pale tusipojua kama ni wewe.

Jumapili ile santuri ilianza tena. Niliweka kiganja kimoja kwenye spika na kingine begani kwa Kypros, naye alikuwa ameshasinzia kwenye kiti chako, mdomo wazi.