Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Babu

Nakuru, 12 Julai 1955

Dada yangu Tapkigen,

Sisi wazima, ila vumbi la ziwani linatukohoza. Mama watoto anashukuru sana kwa maziwa ya kibuyu.

Kile kitabu cha babu, historia ya watawala wetu wa zamani, kimetoka, tena kwa jalada jekundu. Nilimpa mchapaji nakala uliyoandika wewe, kwa kuwa mwandiko wako unasomeka. Nikamwonya asiache hata nukta. Basi mtu yule si wa kwetu. Hajui kwamba anayenakili mwishoni huandika jina lake na anakokaa, ili wazee wajue wa kumlaumu akikosea. Amechapa yote. Jina lako limo, na Olenguruone unakokaa imo.

Alhamisi askari walizoa vitabu vyote, eti vinachochea watu. Walimchukua mchapaji, na hajarudi. Jana Mzungu mmoja alinijia kazini, akaniuliza kwa upole, “Tapkigen ni mwanamume au mwanamke?” Nikasema simjui. Akacheka, akaniomba nimwandikie mistari michache tu, aone mwandiko wangu. Nikaiandika, akaondoka nayo.

Barua hii nimempa jirani yetu Kirui mkononi akuletee, posta siiamini. Choma leo lile daftari la babu ulilonakili. Kisha nenda kwa mmoja wa shangazi zetu, wala usinijulishe ni yupi.

Ukipata barua nyingine yenye mwandiko huu, ikikuita Nakuru, usije. Hata nikikulilia ndani yake, dada, usije.

Ndugu yako,
Kiplel