Ndoo au Pipa

Shoga, mbona hupokei simu? Filamu yetu imeonyeshwa leo ukumbini, na meya mwenyewe kakaa mstari wa mbele, anacheka mpaka anajipiga mapajani!

Ikafika ile sehemu meya wa filamu anazindua bomba la maji. Maji yanatoka, watu wanashangilia, kumbe nyuma ya ukuta shemeji yake anamimina ndoo.

Meya wetu akasimama. Kasimama, nakwambia!

"Uongo mtupu! Lilikuwa pipa, si ndoo!"

Pipa! Kasema pipa, mbele ya mkewe, mbele ya mkuu wa polisi!

Shemeji yake wa kweli, yule fundi bomba, akaanza kuutafuta mlango.

Na ile sehemu niliitunga tu, shoga. Nilidhani nimetia chumvi.