Ukurasa wa Baba

Wenlan, uko? Shoga, yamenikuta. Niko nje ya ukumbi wa ukoo, fataki zinalia kama vita.

Unakumbuka kile kitabu cha majina ya ukoo wetu wa Pei, walichonibembeleza nikiandikie dibaji? Miezi mitatu niliacha riwaya yangu kwa ajili yao! Leo kimezinduliwa. Nafungua ukurasa wa baba: mtoto mmoja. MMOJA. Kaka yangu Guodong, ambaye hajamaliza kusoma hata kitabu changu kimoja.

Nikamfuata Baba Mkubwa. "Mimi niko wapi humu?"

Akacheka. "Binti haandikwi kwao, mwanangu. Utaandikwa kwenye kitabu cha ukoo wa mumeo."

"Mume gani? Nina miaka arobaini na sita, sijaolewa!"

"Basi si uolewe!"

Si uolewe! Mbele ya watu wote! Riwaya tisa nimeandika, Wenlan, naambiwa si uolewe! Na mama yupo pale anamenya mbegu za alizeti. Yeye mwenyewe kaandikwa "mke, wa ukoo wa Tan", bila jina lake. Basi.

Halafu sikia. Hata hajamaliza kucheka, ananiletea kalamu na rundo la nakala: "Wageni wanataka sahihi ya mwandishi."

Nimesaini. Zote themanini. Ila si kwenye dibaji. Nimesaini ukurasa wa baba, chini ya Guodong. Na ubavuni mwa jina la baba nimeandika Tan Yuexian, jina zima la mama.

Wameanza kufungua. Baba Mkubwa anapiga kelele, "Pei Shuqin! Pei Shuqin!"

Kumbe jina langu analijua.