Umenipa Mgongo, Nikauona

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika kwa sahani. Gesi inaelekea kuisha, usiwashe jiko bure.

Naandika haraka huku nakusikia ukijimwagia maji. Asubuhi hii nimekuambia lile baka jeusi chini ya bega lako limetanuka upande mmoja, ukanijibu, "Mimi si mwanamke wa kujikagua kwenye kioo," ukabamiza mlango wa bafu. Haya, bwana mkubwa. Hilo ndilo linalowaponza ninyi wanaume. Nilipompeleka dada yangu kliniki, muuguzi alituambia saratani hii ya ngozi wanawake wengi huwatokea mguuni, wakaiona mapema. Ninyi huwatokea mgongoni, mkaja imeshazama. Na hata mkiwahi, mara nyingi kwenu huwa kali zaidi.

Usiniulize nimejuaje kama limebadilika. Tangu tugombane unalala umenipa mgongo. Sina kingine cha kutazama.

Daktari anakuona saa nne. Vaa shati la vifungo, usinihangaishe na fulana ya kubana. Ufunguo muachie jirani. ~~Usipotaka kuja, sikulazimishi.~~ Nakulazimisha. Nimetangulia kliniki kukushikia foleni.

Ukiambiwa geuka, geuka bila ubishi. Mazoezi unayo ya kutosha. Ila wakishamaliza kukutazama, nigeukie na mimi.

Mkeo,
wa upande wa ukutani