Skrini ya Kuokoa Betri

Arua, Jumanne

Na Drani asithubutu kuniambia tena kuwa ni picha tu.

Asubuhi niliweka kile kifaa cha kupima rangi juu ya kioo cha kompyuta, nikafunga pazia, nikairekebisha skrini mpaka rangi zikakaa sawa. Nikaenda sokoni. Umeme ukakatika, na Drani, mwenzangu wa studio, akapunguza mwanga wa skrini ili kuokoa betri ya sola. Sura ya marehemu, katika picha tuliyoagizwa na mjane wake, ikaonekana nyeusi mno, basi akaing'arisha mpaka ikampendeza yeye. Akachapisha.

Mjane alitoka Koboko kuichukua. Ibada ya kumkumbuka mumewe ni kesho.

"Mzee yangu alikuwa mweusi," akasema. "Hii iko mutu ingine."

Drani akamjibu kwamba hivi amependeza zaidi. Nilitaka kumrushia kiti.

Nikarudisha mwanga wa skrini, nikamkalisha mama kando yangu, nikaanza kuirudisha ile sura polepole.

"Bado," akasema. "Bado."

Kisha akajifunika mdomo kwa mkono.

Ndipo Drani, nyuma yetu, akauliza betri imebaki kiasi gani.